Hija ya miguu hadi Lilongwe: apangaye safari ni mtu wa mwisho

Kila Juni 3, sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, inapokaribia, na tena kuelekea Agosti 15, swali linarudi lile lile kutoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka na kwa ndugu walioko Lilongwe: tunataka kufanya hija ya miguu kutoka kambini hadi Kanisa Kuu la Maula, tujiandae vipi? Wengi wanaouliza wametoka kwenye nchi zenye desturi hiyo. Mrundi anakumbuka umati unaokwenda Mugera siku hiyo ya Agosti, ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Mnyarwanda anaijua Kibeho. Mkongo wa Kivu amesikia habari za vikundi vinavyotembea siku nyingi hadi Namugongo kwa Mashahidi wa Uganda. Hamu wamekuja nayo. Kilichobaki ni njia ya kama kilomita 45 kati ya kambi na mji, na namna ya kuipita bila kuumiza mtu.

Ushauri wangu una jambo moja, na mengine yote humu yanatoka ndani yake: ipange hija kwa mwendo wa mtu atakayefika wa mwisho. Saa ya kuondoka, idadi ya siku, lita za maji, mahali pa kulala, hata tarehe itakayoandikwa kwenye kibali, vyote vipimwe kwa mama wa miaka 60 anayeumwa goti, wala si kwa kijana wa kwaya. Mtu akishaamua hivyo, maswali mengi yanajijibu yenyewe. Asipoamua hivyo, hakuna viatu wala dawa itakayomwokoa.

Siku ngapi? Tatu

Tuanze na hesabu, maana hapa ndipo vikundi vinapokosea mapema. Mtu mzima mwenye afya, bila mzigo, kwenye njia tambarare, hutembea kilomita 4 hadi 5 kwa saa. Kikundi chenye wazee, chenye msalaba unaobebwa kwa zamu na watu wanaoimba wakienda, hakifikii mwendo huo. Kilomita 3 kwa saa ndiyo makadirio ya haki. Kwa mwendo huo kilomita 45 ni saa 15 za kutembea tu, kabla hujahesabu kula, kusali na kupumzika. Mwezi wa Juni mwanga wa mchana hapa ni kama saa 11: jua huchomoza karibu saa kumi na mbili asubuhi, na saa kumi na mbili jioni haijafika limeshazama. Kwa hiyo anayepanga siku moja amepanga kutembea usiku kwenye barabara ya malori, hata kama hakusema hivyo kwenye kikao. Siku mbili zinawezekana kwa wazima, lakini hazibakizi nafasi ya goti lililovimba. Siku tatu, kilomita 15 kila siku, ni saa tano za kutembea. Mkiondoka alfajiri, mnafika mahali pa kulala mchana, jua bado liko juu na paroko bado yuko macho.

Kuna atakayesema kwamba mahujaji wa kwingine huenda mbali zaidi kwa siku. Ni kweli. Wanaokwenda Santiago de Compostela nchini Hispania, njia iliyotumika kwa zaidi ya miaka 1,000, kwa kawaida hutembea kilomita 20 hadi 25 kwa siku. Lakini tazama wanatembeaje: mmoja mmoja au wachache wachache, kwa viatu vya safari, wakijua kwamba jioni kuna kitanda na maji ya kuoga. Ikiwa watu wenye hayo yote wanaishia 25, sisi tunaokwenda kwa kundi na kulala sakafuni tuna sababu gani ya kudai 45?

Pingamizi la pili ni gharama: siku tatu ni milo ya siku tatu, kwa familia zinazoishi kwa msaada uliopunguzwa tena na tena. Hili ni zito na silipuuzi. Lakini mtu angekula nyumbani siku hizo pia. Gharama mpya hasa ni mafuta ya kupikia, kuni na usafiri wa kurudi. Ukilinganisha na kukodi gari la dharura saa mbili usiku kumpeleka hospitali aliyeanguka, au na mwezi mzima wa kazi anaoukosa fundi cherehani kwa sababu ya mguu uliooza, siku ya tatu ndiyo nafuu.

“Sisi tumeshatembea zaidi ya hapo”

Hili ndilo pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote, na linastahili jibu kamili. Wapo Dzaleka watu waliotoka Fizi, Uvira au Kalemie huko Kongo kwa miguu wakiwa na watoto mgongoni, wakavuka mipaka zaidi ya mmoja hadi kufika Malawi. Kumwambia mtu kama huyo afanye mazoezi ya kilomita tano kunaonekana kama kumdharau. Ila ule mwendo ulikuwa wa kukimbia kifo. Mwili ulikwenda kwa sababu haukupewa hiari, na madhara yake wengine wanayo hadi leo: kiuno, magoti, nyayo zilizokufa ganzi. Isitoshe, mwili wa mwaka ule sio wa leo. Aliyekuwa na miaka 30 ana 50, na miaka ya kukaa kambini mahali pamoja haimzoezi mtu safari.

Kuna tofauti nyingine, nayo ndiyo inayonifanya nishikilie mwendo wa mtu wa mwisho. Wakati wa kukimbia, asiyeweza aliachwa. Hakuna wa kulaumiwa kwa hilo. Ndivyo vita inavyofanya. Hija inafanywa na watu walewale, kwa miguu ileile, ila safari hii hapana wa kuachwa. Kikundi kikifika Maula vipande vipande, vijana saa tisa na bibi saa mbili usiku akiwa amesindikizwa na mpita njia, kimefanya matembezi, hakijafanya hija.

Kibali kwanza, viatu baadaye

Msomaji wa Lilongwe mwenye kitambulisho cha Malawi anaweza kuruka sehemu hii. Wa Dzaleka asiiruke. Sera ya Malawi inamtaka mkimbizi akae kambini, na kutoka kwake kunahitaji ruhusa. Tangu mwaka 2023, serikali ilipoanza kuwaondoa mijini kwa nguvu wakimbizi na kuwarudisha Dzaleka, si busara kudhani kwamba rozari shingoni inatosha kumweleza askari wa kizuizi cha barabarani.

Fanyeni hivi, kwa mpangilio huu:

- Wiki sita kabla, parokia au kanisa liandike barua moja kwa uongozi wa kambi: majina yote, tarehe, njia, mahali pa kulala, jina la kiongozi na simu yake.
- Ombeni tarehe ya mwisho iwe siku moja zaidi ya siku ya kurudi. Mtu akiugua Lilongwe, siku hiyo moja ndiyo inayomtenganisha na mahabusu.
- Kila mtu abebe karatasi yake na kitambulisho chake ndani ya mfuko wa plastiki. Orodha iliyoko kwa kiongozi haimsaidii aliyebaki nyuma nusu kilomita.
- Polisi wa Dowa na wa Lumbadzi wapewe taarifa mapema kwa maandishi, na nakala iwe kwa kiongozi wa mbele na wa nyuma.
- Asiyepata kibali asiende. Msimfiche katikati ya kundi, maana akikamatwa yeye mtasimama wote.

Je, kibali kisipotoka kabisa? Geuzeni njia. Waumini wa Lilongwe wenye uhuru wa kutembea waanze Maula, waje Dzaleka, na wa kambini wawapokee kwa Misa na chakula siku ya tatu. Sijaona sababu kwa nini kanisa kuu liwe na haki ya kuendewa kuliko kambi yenye watu zaidi ya 50,000.

Barabara ya M1

Kipande cha kutoka kambini hadi barabara kuu ni chepesi, na wengi wanakijua. Hatari inaanza mnapoingia M1. Hii ndiyo barabara inayobeba malori ya kaskazini, mabasi ya Mzuzu, na minibasi zinazosimama ghafla pembeni kuchukua abiria. Mkipita Lumbadzi na kukaribia Kanengo, Juni ni msimu wa mnada wa tumbaku, na malori yaliyojaa marobota yanaelekea kwenye soko lake palepale. Dereva aliyekaa juu ya lori namna hiyo hamwoni mtoto aliyechomoka kwenye mstari.

Magari Malawi hupita kushoto, kwa hiyo mahujaji watembee upande wa kulia, wakiyatazama yanayowajia. Watu wengi hukataa jambo hili kwa mazoea, wakasema upande wa kushoto una njia pana zaidi. Penye njia ya miguu iliyo mbali na lami, tumieni hiyo, upande wowote. Pasipo nayo, kulia, wawili wawili, na kwenye kona au daraja, mmoja mmoja. Spika ya kwaya ifungwe mnapokuwa kwenye lami, kwa sababu sauti ya honi mnaihitaji kuliko wimbo. Imbeni mkifika kivulini. Na giza likiingia mnasimama popote mlipo, hata kama zimebaki kilomita mbili.

Msalaba ubebwe na nani

Kuna mpango mmoja ninaoupendekeza kuliko mwingine wowote, nao hauna gharama. Msalaba unatangulia, na hakuna anayeruhusiwa kuupita. Anayeubeba anachaguliwa kutoka kundi la watembeao polepole, kwa zamu ya robo saa. Nyuma yake moja kwa moja wanafuata wazee na wenye magonjwa, kisha akina mama wenye watoto, na vijana mwishoni. Hapo mwendo unajipanga wenyewe. Hakuna haja ya kupiga kelele “punguzeni,” kwa kuwa aliyechoka ndiye aliye mbele na wote wanamfuata.

Vijana watanung’unika. Wapeni kazi: wawili mbele, na hao tu ndio wautangulie msalaba, wakiwa na vizibao vya kung’aa na bendera nyekundu, wawili nyuma vivyo hivyo, wawili wa maji, mmoja wa sanduku la dawa. Wa nyuma kabisa ana wajibu mmoja tu, kwamba hakuna mtu aliye nyuma yake. Hesabuni watu kila mnapoondoka kwenye mapumziko, kwa majina, si kwa macho. Msalaba wenyewe uwe mwepesi. Wa kilo tano unatosha, na mbao ya kilo ishirini itawapa bega bovu siku ya kwanza.

Kama hamna gari la kufuatana nanyi, kodini kabaza mbili kwa siku nzima, za baiskeli. Moja inabeba madumu ya maji, ya pili inakwenda tupu nyuma ya kundi. Hiyo tupu ndiyo muhimu. Mtu anayeona kiti kinamfuata hukubali mapema kwamba amechoka, badala ya kungoja aanguke.

Wiki nane za mazoezi

Si lazima kutoka kambini ili kujizoeza. Tafuteni mzunguko mnaoujua urefu wake, mtembee asubuhi mapema, kwa viatu mtakavyovaa safarini:

- Wiki ya 1 na ya 2: kilomita 5, mara tatu kwa wiki.
- Wiki ya 3 na ya 4: kilomita 8, mara tatu.
- Wiki ya 5 na ya 6: kilomita 10 mara mbili, na 12 siku ya Jumamosi.
- Wiki ya 7: kilomita 15 siku moja, na kesho yake 10.
- Wiki ya 8: matembezi mafupi, usingizi mwingi.

Wiki ya 7 ndiyo mtihani. Kutembea 15 siku moja ni jambo dogo. Kuamka kesho yake na kutembea tena ndiyo hija yenyewe. Anayeshindwa siku ya pili asifukuzwe, apangiwe kuungana na kundi siku ya mwisho kutokea Kanengo. Na ninyi viongozi mfanye mazoezi na wazee, ili mjue mwendo wao kabla ya kuupanga. Kiongozi anayejizoeza na vijana peke yao atapanga ratiba ya vijana.

Miguu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hija nyingi huvunjwa na kitu cha ukubwa wa harage: lengelenge.

Viatu kwanza. Vipya vya wiki hiyo visiguse barabara. Raba ya kaunjika, yaani ya mitumba, iliyokwisha kulainika, yenye soli nzima, ni bora kuliko buti jipya. Ipime jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, ukiwa umevaa soksi. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba, la sivyo kucha zitakuwa nyeusi siku ya pili. Kandambili, zile wenyeji wanazoziita patapata, zifungwe kwenye mzigo kwa ajili ya jioni. Kuna wanaosema wamezitembelea maisha yote. Wamezitembelea kwenda sokoni na kurudi. Kwa saa tano mfululizo vidole vinakaza kuzishikilia, na ukano wa kisigino ndio unaolipa.

Soksi ziwe mbili kwa wakati mmoja: nyembamba ya nailoni ndani, nene juu yake. Zikisuguana, zinasuguana zenyewe badala ya kusugua ngozi. Paka mafuta ya mgando katikati ya vidole na kisigino kabla ya kuvaa. Kila mapumziko ya mchana vua, kausha, geuza soksi.

Lengelenge haliji bila taarifa. Kabla halijatoka, ngozi huwa na joto mahali pamoja, kama imeguswa na kikombe cha chai. Ukilisikia joto hilo, simama hapohapo, hata kama msalaba unaendelea. Wa nyuma atakungoja. Bandika plasta laini isiyo na mkunjo, uvae, uendelee. Dakika tano hizo zinaokoa siku mbili. Wanaosema “nitaangalia tukifika” ndio wanaofika wakichechemea.

Likishatoka, dogo liache na ulifunike. Kubwa linalouma unapokanyaga linaweza kutobolewa: nawa mikono kwa sabuni, safisha ngozi kwa spiriti, tumia sindano mpya au iliyopitishwa kwenye moto, toboa pembeni kwa chini mahali pawili, kamua polepole kwa kitambaa safi. Ngozi ya juu usiichune kamwe, maana hiyo ndiyo bandeji iliyo bora kuliko zote. Funika kwa shashi na plasta. Mwenye kisukari asitobolewe na mtu yeyote njiani. Apande kabaza, aonwe na mhudumu wa afya.

Maji, chumvi na nsima

Hesabuni nusu lita kwa kila mtu kwa kila saa ya kutembea. Watu 40 kwa saa tano ni lita 100, yaani madumu matano ya lita 20. Hamwezi kuyabeba yote mara moja, kwa hiyo mjue kabla ya siku ni wapi mtajaza: kigango, shule, kituo cha afya. Msinywe kwenye mto wala kisima kisichofunikwa. Kipindupindu kilichoanza Malawi mwaka 2022 kiliua zaidi ya watu 1,700 kabla ya kutulia, na maji yanayoonekana masafi kwa macho ndiyo yaliyowadanganya wengi. Tieni dawa ya maji ya WaterGuard kama maelezo ya chupa yanavyosema na mngoje muda uliotajwa. Kungoja huko ni sehemu ya dawa.

Anayeharisha au kutoka jasho jingi hadi kuishiwa nguvu apewe maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa juu. Msizidishe chumvi mkidhani itaongeza nguvu, kwani inadhuru, hasa kwa mtoto.

Kula kabla ya kuondoka. Nsima ya jana iliyochomwa, viazi vitamu vilivyochemshwa, mandasi na karanga za kukaanga mfukoni ni chakula bora cha barabarani kuliko biskuti na soda. Thobwa, kinywaji cha nafaka cha hapa, ni nzuri ikiwa mnajua aliyeitengeneza na maji aliyotumia.

Mkipumzika kijijini, kwanza nendeni kwa mfumu, yaani mkuu wa kijiji, mkiwa na mtu anayekisema Kichewa vizuri. Kundi la watu 40 wanaoongea Kiswahili linaloketi chini ya mwembe wa watu bila kupiga hodi linaleta hofu, na hofu hiyo ina haki.

“Lakini mateso si ndiyo maana ya hija?”

Ndivyo wengi wanavyojenga hoja dhidi ya siku tatu, kabaza na soksi mbili. Wanasema mashahidi waliteswa, nasi tunapunguza. Basi tuwatazame mashahidi wenyewe. Mwaka 1886 walitolewa Munyonyo, makao ya Kabaka Mwanga, wakatembezwa wakiwa wamefungwa kuelekea Namugongo, ambako Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto Juni 3. Si wote waliofika. Gonzaga Gonza, aliyeumizwa miguu na minyororo asiweze kuendelea, aliuawa njiani, Lubawo. Athanasius Bazzekuketta aliuawa Nakivubo. Kanisa halikuwatenga na waliofika. Limewaandika katika orodha moja, likawatangaza watakatifu siku moja, Oktoba 18, 1964, na linawakumbuka siku moja. Ikiwa hata katika safari ile aliyeishia njiani anahesabiwa na wenzake, basi anayepanda kabaza hapo Lumbadzi hajapoteza hija yake.

Mateso yale walifanyiwa na wengine. Hakuna aliyejifunga mwenyewe mnyororo ili uzidi kumkata. Taratibu za Kanisa zinakwenda upande huohuo. Mfungo kabla ya kupokea Ekaristi ni wa saa moja tu, na wazee, wagonjwa na wanaowauguza wamesamehewa hata hiyo saa. Kwa hiyo hakuna sheria inayomtaka mtu atembee tumbo tupu tangu usiku wa manane ili ashiriki Misa ya jioni. Katika Jubilei ya mwaka 2025, wagonjwa, wazee na wafungwa waliruhusiwa kupata rehema zilezile mahali walipo, bila kusafiri. Na nabii Eliya, alipolala jangwani akitaka kufa, malaika alimletea mkate na maji mara mbili, akamwacha alale katikati, kwa sababu safari ya kwenda Horebu ilikuwa ndefu kuliko nguvu zake.

Kwa sababu hiyohiyo msipange safari hii Ijumaa Kuu. Siku hiyo waumini wa miaka 18 hadi 59 wanatakiwa kufunga, na mwili uliofunga haufai kwa kilomita 15 za lami. Fanyeni Njia ya Msalaba fupi ndani ya kambi, hija iwe Juni au Agosti, kukiwa na baridi na mvua zimeisha.

Wasiotembea njia yote

- Watoto chini ya miaka 12: siku ya mwisho tu, mkononi mwa mzazi.
- Wajawazito: baada ya kumuuliza mkunga wa kliniki, na kamwe si peke yao nyuma.
- Wenye presha, kisukari, pumu au wanaotumia ARV: dawa za siku tano, si tatu, ndani ya mfuko wao wenyewe, si kwenye gari. Mtu mmoja wa karibu ajue ugonjwa wao.
- Aliyetoka kuugua malaria wiki mbili zilizopita: abaki, awaombee.

Wanawake wapange mambo yao katika kikao chao: vitambaa au pedi za akiba, kwenda msalani wawili wawili, chitenje mbili kila mmoja, moja ya kujifunika na moja ya kuziba mlango usiofungwa mahali pa kulala. Kiongozi mwanamume asiyataje mambo haya kwa haraka haraka mwishoni mwa mkutano. Amwachie mama mwenye sauti, na ampe muda.

Na Namugongo kutoka Malawi?

Kwa miguu, hapana. Kati yetu na Uganda iko Tanzania nzima, na mkimbizi anahitaji hati ya kusafiria pamoja na viza kabla hajafikiria viatu. Mwenye hati na nauli anaweza kwenda kwa basi, akatembea hatua ya mwisho kutoka Munyonyo. Asiye nazo hana anachokosa kwa kutembea hapa. Waanglikana nao wakaribishwe kwenye hija hii: kati ya mashahidi 45 wanaokumbukwa, 22 walikuwa Wakatoliki na 23 Waanglikana, na safari ya pamoja hurahisisha pia kupata mahali pa kulala.

Kurudi

Mpango wa kurudi ufanywe kabla ya kwenda, fedha zake zikiwa kando na zisiguswe. Wawekwe watu wawili wa kuzishika, kwa Airtel Money au Mpamba, ili mmoja asipoteze simu na nauli ya watu 40 kwa pamoja. Minibasi ikodiwe siku tatu kabla, bei ikubaliwe na mtu anayejua bei, na iwangoje Maula saa nane mchana. Msikubali maneno ya “tutapata tu hapo stendi,” maana siku ya sikukuu nauli hupanda, na mzee aliyetembea siku tatu hawezi kusimama saa mbili kwenye foleni. Kabla ya gari kuondoka, hesabuni watu kwa majina. Mkifika kambini, kiongozi apeleke orodha ya waliorudi kwa aliyetoa kibali, jioni hiyohiyo, hata kama hakuombwa. Ombi la mwaka ujao litasomwa na mtu huyohuyo.